Mjue paka wako akiwa mzima, utamjua akiumwa

Katika nyumba nyingi za Pemba, paka hafungwi wala hafugwi kwa gharama. Asubuhi huingia kwa mlango wa uani akapewa kichwa cha samaki, mchana hulala kwenye jivu la jiko lililopoa, na usiku hulinda mchele usiliwe na panya. Watoto humpa jina, humbeba na pengine humvuta mkia. Dini haikumhesabu kuwa najisi, na wahenga wakatwambia paka wa nyumba haingwa. Kwa hiyo ndiye mnyama anayeishi karibu kabisa na watoto wetu, jikoni, ukumbini na hata kitandani.

Si ajabu basi kwamba wazazi hutuuliza mengi juu yake. "Daktari, mwanangu ana pumu, tumtoe paka?" "Nina mimba, nimeambiwa paka ataniharibia mtoto, kweli?" "Kamparura tu, hakumng'ata. Haina neno?" Leo nitayajibu maswali hayo, lakini nitaanza na jambo ambalo hatuulizwi mara nyingi: paka anaonyeshaje kuwa anakupenda na kukuamini? Mzazi anayelijua hilo huwaepusha watoto na majeraha mengi. Na siku tabia ya paka inapogeuka, yeye ndiye wa kwanza kugundua.

Paka anavyosema "nakuamini"

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake. Ameishi na binadamu kwa muda mrefu sana. Katika kisiwa cha Cyprus, wachimbaji wa mambo ya kale walimkuta paka aliyezikwa kando ya mtu miaka 9,500 hivi iliyopita. Hata hivyo asili yake haijamtoka. Mnyama anayewinda peke yake hana desturi ya kupiga kelele za furaha, na hafichui haraka kuwa anaumwa. Mapenzi yake huonekana kwa alama ndogo ndogo.

Ya kwanza ni mkia. Paka akikujia mkia umesimama wima, ncha imepinda kidogo, anakusalimu. Ndivyo mtoto wa paka anavyomwendea mama yake.

Ya pili ni kujisugua miguuni mwako kwa shavu na kipaji. Mashavuni na kichwani ana tezi za harufu, na kwa kujisugua anakupaka harufu yake ili nyote mnuke mamoja. Kwake hiyo ni alama ya jamaa.

Ya tatu ni macho. Paka akikutazama kisha akafumba macho polepole, ametulia mbele yako. Utafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth nchini Uingereza, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kuwa mtu akimfumbia paka macho polepole, paka naye hupenda kumjibu vivyo hivyo, na humkaribia hata mgeni aliyemfanyia hivyo. Jaribu leo nyumbani, na mfundishe mwanao. Ni salamu isiyohitaji kumgusa mnyama.

Ya nne ni kukanda. Utamwona amekaa mapajani anabonyeza kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwengine, kama mtu anayekanda unga. Mtoto wa paka hufanya hivyo kwenye chuchu ya mama yake ili maziwa yashuke. Paka mkubwa akikukanda, yumo katika raha ile ile ya utotoni. Kucha zikikuchoma, weka kitambaa kizito mapajani, usimpige.

Ya tano ni usingizi. Paka anayelala amekupa mgongo, au amelala chali tumbo wazi, anakwambia kuwa kwako hana hofu. Hapa watoto wengi hukosea. Kuonyesha tumbo ni dalili ya imani, si mwaliko wa kulishika. Ukimtia mkono tumboni, wengi hujilinda kwa kucha na meno.

Ya sita ni kule kukoroma kwa raha, mngurumo mdogo unaousikia ukimweka karibu. Lakini paka hukoroma pia akiwa na maumivu au anapozaa. Ukisikia sauti hiyo kwa paka aliyejikunyata pembeni, asiyekula, usidhani ana furaha.

Na wale wanaosema paka hamjali mtu, anajali samaki tu? Mwaka 2019 watafiti wa Oregon State University, Marekani, waliwapima watoto wa paka kwa namna inayofanana na ile inayotumika kupima watoto wachanga na mama zao. Mwenye paka alikaa naye chumbani, akatoka, kisha akarudi. Takriban theluthi mbili yao walitulia mwenyewe aliporudi, wakaendelea kucheza na kuchungulia chumba. Kwao, mtu yule alikuwa kama kimbilio. Mwaka huo huo watafiti wa Japani walionyesha kuwa paka wa nyumbani hulitofautisha jina lake na maneno mengine. Kwa hiyo anaposikia unamwita na asije, huenda amesikia vizuri tu.

Anavyosema "basi"

Paka hutoa mapenzi kwa kipimo, na kipimo kikijaa husema. Mkia huanza kupiga huku na huku. Masikio hulala pembeni au nyuma. Ngozi ya mgongo hutetemeka, mboni za macho hupanuka, kukoroma hukatika, kichwa hugeukia mkono unaomshika. Mtu mzima huona akaacha. Mtoto wa miaka mitatu haoni, na akiona haelewi. Ndipo anapopata jeraha la mkono au la uso.

Mfundishe mwanao mambo haya:

Mwache paka aje mwenyewe. Asimfuate uvunguni wala asimkamate kwa nguvu.

Ampapase shavuni na chini ya kidevu, kwa muda mfupi, kisha aondoe mkono. Paka akijisugua tena, anataka zaidi. Akigeuka, yatosha.

Asimguse akila, akilala au akinyonyesha.

Asimwekee uso karibu, wala asimpe vidole achezee. Wengi tumesimuliwa hadithi ya Sultani Majnuni, ambaye paka wake aliachiwa kila alichokamata mpaka akawa nunda mla watu. Paka wako hatokuwa nunda, lakini paka aliyezoeshwa tangu mdogo kung'ata vidole kwa mchezo ataendelea kung'ata akiwa na meno makubwa. Mpe kamba au kitambaa.

Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na paka, hata awe mpole namna gani.

Jeraha dogo lisilo dogo

Meno ya paka ni membamba na makali kama sindano. Huacha tundu dogo lisilotoka damu nyingi, likafunga haraka, na vijidudu vikabaki ndani. Ndiyo maana majeraha ya kung'atwa na paka huoza mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa ya vidole na viganja, ambako viungo na mishipa viko karibu na ngozi. Uvimbe, wekundu na maumivu huweza kuanza ndani ya saa 24.

Mtoto aking'atwa au akiparurwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ndiyo, robo saa nzima, hata mtoto akilia. Usitie jivu, kahawa, mafuta wala pilipili, na usilifunge kwa kubana. Kisha mpeleke kituo cha afya. Huko atatazamwa kama anahitaji dawa ya vijidudu, chanjo ya pepopunda na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mparuro nao una maradhi yake. Vijidudu vinavyoenezwa baina ya paka na viroboto huweza kuingia kwenye ngozi iliyochanika. Kipele hutokea pale pale baada ya siku kadhaa, na wiki moja hadi tatu baadaye mtoto huvimba tezi za kwapani au shingoni, pengine na homa. Mara nyingi hupona, lakini mweleze daktari kuwa nyumbani kuna paka. Neno hilo moja linaweza kumwepusha mtoto na vipimo vingi. Na paka mwenye viroboto atibiwe.

Ulimi wa paka pia usiachwe kwenye kidonda wala mdomoni mwa mtoto. Analamba kwa mapenzi, lakini mate yake yana vijidudu vile vile vilivyo kwenye meno.

Mama mjamzito na mtoto mwenye pumu

Hofu ya wajawazito ina msingi, ila imevushwa mpaka. Kuna kimelea kinachoitwa toksoplasma, na mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kimelea hicho hutoka katika kinyesi cha paka, si katika manyoya yake wala kwa kujisugua miguuni mwako. Paka hukitoa kwa wiki chache tu, kwa kawaida pale anapoambukizwa mara ya kwanza, na kinyesi huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa nazo huambukiza.

Kwa hiyo, mama, huna haja ya kumfukuza paka. Mwache mtu mwengine azoe kinyesi, kila siku. Ukilima au ukishika mchanga ambako paka hujisaidia, vaa glavu na uoshe mikono. Osha mboga, pika nyama ikaiva. Watoto nao waoshe mikono wakitoka kucheza mchangani, maana kinyesi cha paka kina pia mayai ya minyoo.

Kuhusu pumu, si kweli kwamba unywele wa paka ukimezwa hukaa kifuani ukaleta maradhi. Kinachowasumbua baadhi ya watu ni protini iliyo katika mate na ngozi ya paka, inayoruka hewani pamoja na vumbi. Si kila mwenye pumu huathirika nayo. Chunguza: mtoto akibanwa au kupiga chafya kila akiwa na paka, na akatulia akikaa mbali naye, basi mzungumze na daktari. Kwa uchache, paka asilale chumbani mwa mtoto huyo.

Tabia ikigeuka

Sasa tufike kwenye jambo zito. Kichaa cha mbwa hakiwapati mbwa peke yao. Paka hukipata kwa kung'atwa na mnyama mgonjwa, na huweza kumwambukiza mtu kwa kumng'ata au kumparura. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Duniani ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na wengi miongoni mwao ni watoto.

Pemba tunaijua habari hii kwa karibu. Kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, na ilibidi kazi ya chanjo ianze upya mpaka ukakomeshwa tena mwaka 2018. Bahari haikutukinga. Mnyama mmoja mgonjwa akishushwa kwenye chombo, hatari imeingia.

Hapa ndipo kumjua paka wako kunapookoa maisha. Paka aliyekuwa akikupokea mkia wima, leo anajificha gizani na kukurukia bila kuchokozwa. Paka mkali wa diko la samaki, asiyeshikika, leo anajileta kwa watu kama aliyezoea. Sauti imebadilika, mate yanamtoka, hawezi kumeza, anayumba. Usimwonee huruma kwa mkono. Waondoe watoto, mfungie kama unaweza bila kumgusa, na toa taarifa kwa sheha au ofisi ya mifugo ya wilaya yako.

Akiwa ameshamng'ata au kumparura mtu, osha jeraha kama nilivyoeleza na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama paka atakufa. Paka anayeonekana mzima huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10, lakini daktari ndiye ataamua kama chanjo ianze wakati huo huo. Na chanjo ikianza, imalizwe tarehe zote ulizoandikiwa, hata kidonda kikiwa kimepona. Ugonjwa huu huweza kukaa kimya kwa wiki au miezi kabla ya kujitokeza.

Wakati wa kampeni za chanjo za wanyama, uliza kama paka nao wanachanjwa, na mpeleke wako. Mtoe katika kikapu chenye mfuniko au gunia jepesi linalopitisha hewa, asiparure watu njiani.

Leo jioni, mzazi mwenzangu, kaa na mwanao barazani, mtazameni paka wenu pamoja. Mkia wake ukoje? Masikio yake yamesimama au yamelala? Macho je? Mwache mtoto akueleze anachokiona kabla hujamweleza wewe. Akiweza kukwambia, "Mama, leo paka hataki," amejifunza somo litakalomlinda kwa miaka mingi.