Swali la kwanza ni la wote, la pili ndilo la mhojaji

Mama mmoja muuza vitunguu katika soko la hapa Singida mjini ameniuliza hivi: "Mwanangu, hawa wakubwa wanaoitwa kwenye televisheni kuhojiwa, mbona kipindi kinakwisha na sisi tunabaki pale pale?" Wapo watakaomjibu haraka kwamba wanasiasa ni waongo, yakaisha. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Mgeni anayehojiwa hayuko peke yake pale studio. Yupo na anayemhoji, na mara nyingi kasoro iko kwa huyo wa pili.

Tuanze na tulikotoka. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Huku Bara tulingoja hadi mwaka 1994, maana kwa miaka mingi serikali ilikiona chombo hicho kuwa ni anasa ya wachache wa mjini. Mwaka huo vituo vya watu binafsi, kikiwamo ITV, vikaanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Ulipofika uchaguzi wa Oktoba 1995, wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe, wagombea wanne wa urais, Benjamin Mkapa, Augustine Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikaa mbele ya kamera na kuulizwa maswali. Wengi wetu wa mikoani mambo hayo tuliyapata magazetini na redioni, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Ikawa mtu anayeomba kura anaweza kutazamwa usoni anapojibu.

Baada ya hapo tumeona vipindi vya kila aina. ITV ilikuwa na Dakika 45. EATV ilituletea Mkasi ya Salama Jabir. Clouds TV ilituletea Take One ya Zamaradi Mketema, ambako waigizaji wa filamu zetu walimiminika. Azam TV nayo ilikuwa na Funguka ya Tido Mhando, mtangazaji aliyewahi kuiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC na baadaye TBC. Leo mtu wa Manyoni au Kiomboi mwenye king'amuzi, au simu tu, anaweza kuchagua.

Sasa tuangalie ni nani hukaa katika kile kiti, na amefuata nini. Mwanasiasa huja kujitetea au kuomba. Mwandishi wa habari huja kutufafanulia mambo, na wakati mwingine huja kulinda upande anaoupenda. Mwigizaji huja kuuza filamu yake inayotoka wiki ijayo. Mwandishi wa vitabu kwa kawaida haitwi kabisa, mpaka watu wa nje watuambie kwamba ana maana. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa na riwaya kumi tayari alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi Oktoba 2021. Siku hiyo ndipo Watanzania wengi walipolisikia jina lake kwa mara ya kwanza.

Kila mmoja wa hao anakuja na bidhaa yake, na si dhambi. Hata yule mama wa vitunguu anapopanga mafungu yake huweka vikubwa juu. Kazi ya mhojaji ni ile ya mnunuzi makini: kuingiza mkono chini ya fungu na kutazama vya chini vikoje.

Lakini mkono huo unaweza kufungwa kabla kipindi hakijaanza. Yako mahojiano ambayo mgeni hupelekewa maswali mapema, akayasoma na wasaidizi wake, akafuta asiyoyapenda. Yako mengine ambayo mgeni, au ofisi yake, ndiye amelipia muda wa hewani, ingawa mtazamaji haambiwi. Na yako yanayorekodiwa kwanza na kukatwa baadaye, hivyo tunachokiona ni kile kilichobakizwa na mhariri.

Kurekodi peke yake si kosa. Mwaka 1977 mtangazaji wa Uingereza, David Frost, alimhoji Richard Nixon, aliyekuwa amejiuzulu urais wa Marekani miaka mitatu kabla kwa kashfa ya Watergate. Nixon alilipwa dola 600,000 kwa kukubali. Walirekodi zaidi ya saa 28, na watu wakatazama sehemu ndogo tu ya hizo. Hata hivyo mahojiano yale yanakumbukwa hadi leo, kwa kuwa Frost na wasaidizi wake walikuwa wamezipekua nyaraka za kashfa ile, na Nixon alipoanza kuzunguka wakawa na la kumrudishia. Fedha zilimleta kwenye kiti. Kilichomfanya akiri mbele ya mamilioni kwamba amewaangusha wananchi wake ni maandalizi ya aliyemkabili.

Hapo ndipo lilipo jibu langu. Swali la kwanza kila mtu analo, maana hata mtoto wa darasa la saba anaweza kuliandika. Mgeni naye analijua kabla hajafika studio, na jibu analo mfukoni. Mhojaji anapimwa kwa swali la pili, lile linalozaliwa na jibu alilopewa sasa hivi. Huwezi kuliuliza kama hukusikiliza, na huwezi kuliuliza kama hukusoma.

Nitoe mfano wa nyumbani, wa alizeti yetu. Bajeti ya mwaka 2022/23 ilipunguza ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje, kwa nia ya kumpunguzia mlaji makali ya bei. Bei ya mbegu za alizeti ikaanguka, wakulima wa Iramba, Mkalama na Ikungi wakalia, na bajeti iliyofuata ikabidi iupandishe tena. Tuseme kiongozi yeyote mwenye dhamana ameitwa kuhojiwa wakati ule. Mhojaji anauliza, "Mheshimiwa, serikali imejipangaje kumsaidia mkulima wa alizeti?" Mheshimiwa anajibu kwamba serikali ni sikivu, mchakato unaendelea, na wananchi wawe na subira. Mhojaji wetu anasema, "Ahsante sana Mheshimiwa. Tugeukie suala la barabara."

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo tulipoibiwa! Swali la pili lilikuwa hili: "Mheshimiwa, kabla ya kupunguza ushuru mlikaa na mkulima gani, na mlitarajia gunia lake lishuke hadi shilingi ngapi?" Hakuna tusi ndani yake, wala kelele. Lakini mchakato hauwezi kulijibu. Ama mtu anataja namba, ama anakiri kwamba hesabu haikufanywa, ama anakwepa. Hata akikwepa tumefaidika, maana tumemwona akikwepa.

Waingereza wana kisa chao. Mei 1997 Jeremy Paxman wa BBC alimhoji Michael Howard, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akamwuliza kama aliwahi kumtishia mkuu wa magereza kwamba angeupindua uamuzi wake. Howard akazunguka. Paxman akarudia swali lile lile, akarudia tena, zipatazo mara kumi na mbili. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba aliendelea kurudia kwa sababu taarifa iliyokuwa ifuate haikuwa tayari. Iwe iwavyo, taifa lilimwona mtu mzima akikataa kusema ndiyo au hapana.

Kipindi kilichoigeuza tabia hiyo kuwa desturi ni HARDtalk cha BBC, kilichoanza mwaka 1997 na kufungwa Machi 2025. Mgeni mmoja, chini ya nusu saa, na mhojaji ambaye kwa muda huo huchukua hoja za wapinzani wa mgeni wake. Sisi wa Singida tunakikumbuka kwa sababu ya Januari 2019. Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi na wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, aliketi mbele ya Stephen Sackur. Alikuwa bado akiuguza majeraha ya risasi alizopigwa Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Mtu angedhani mgeni wa namna hiyo atapewa pole na kuachiwa aseme. Lakini kipindi kile hakikuwa na kiti cha mgonjwa, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa heshima. Anayedai haki mbele ya dunia anastahili kuulizwa kama mtu mzima, ili yatakayosalia baada ya maswali yawe na uzito.

Walakini upo. Mahojiano yale yalikuwa kwa Kiingereza. Wapiga kura wake wa vijijini, wengi niliozungumza nao, walipata vipande tu kwenye simu, na tafsiri ya aliyekwenda shule. Juni mwaka huo huo kiti chake kilitangazwa kuwa wazi. Mbunge wao alihojiwa kwa ukali unaostahili mbali na nyumbani, kwa lugha isiyo yao. Nasema hivi bila kujali chama. Mkoa huu umemtoa Lissu upande mmoja, na upande wa pili umemtoa Mwigulu Nchemba wa Iramba, Waziri wa Fedha tangu 2021, kisha Waziri Mkuu aliyeteuliwa Novemba 2025. Mtu wa Singida ana haki ya kuwasikia wote wawili wakiulizwa swali la pili, kwa Kiswahili, na mtu anayelijua gunia la alizeti.

Kwa nini basi wahojaji wetu huliogopa swali hilo? Wengine ni wavivu wa kusoma, na hao tuwaseme. Wengine wanalinda matangazo ya biashara, au ile bahasha ya khaki inayotolewa mlangoni. Lakini tuwe wa kweli: wako waliokwisha kuunguzwa. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC itaacha kurusha moja kwa moja vikao vya Bunge. Machi 2017 watu wenye silaha waliingia usiku katika ofisi za Clouds wakiandamana na mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, kwa ajili ya kipindi cha udaku. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa habari ya tamko la haki za binadamu. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza televisheni za mtandaoni zilizofungiwa zifunguliwe, na watu wakapumua. Hata hivyo aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Mtangazaji mwenye watoto wa shule hulimeza swali la pili, akaliita busara.

Hasara inakuja kwetu. Swali lililomezwa studio hurudi kama bei ya gunia, kama zahanati isiyo na dawa, kama kisima kilichozinduliwa bila pampu. Kiongozi asiyeulizwa mara ya pili huzoea, na mwisho huamini kwamba jibu lake la kwanza lilitosha.

Nini cha kufanya sisi watazamaji? Mgeni anapomaliza kujibu, usimtazame yeye, mtazame mhojaji. Je, ameshika jibu lile, au anafunua karatasi kutafuta swali linalofuata? Kipindi kikiisha, jiulize umepata jambo gani usilolijua jana: namba, tarehe, jina au ahadi yenye siku. Kama hakuna, ulichotazama ni tangazo refu. Na mhojaji anapothubutu, tusiwe wa kwanza kusema hana adabu kwa sababu tu aliyebanwa ni mtu wa chama chetu au kijiji chetu. Tukimzomea huyo, tutabaki na wale wa "ahsante sana Mheshimiwa" mpaka mwisho wa dunia.