Mtu Mzima na Imani Aliyolelewa Nayo

Katika dini huria, ubatizo au kuhitimu mafundisho ya utotoni hakumalizi safari ya muumini. Mtu mzima anatakiwa aikague imani aliyolelewa nayo: Mungu ni nani, wema unajulikanaje, wafu wako wapi, jirani ana haki gani juu yake.

Huko Adumi na kwingineko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ukaguzi wa namna hiyo una historia yake. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi na Walugbara wa eneo hilo kati ya 1949 na 1952 na kuchapisha kitabu juu ya dini yao mwaka 1960, alionyesha kwamba madhabahu ya wahenga yalikuwa mikononi mwa mzee wa ukoo. Kijana alishiriki nyama ya sadaka; mzee ndiye aliyenena na wafu, na wazee walibishana vikali mgonjwa ameadhibiwa na mhenga yupi, kwa kosa gani. Wanawake waliingia zaidi kupitia uaguzi. Kutafakari dini kulikuwa kazi ya utu uzima, ila si kila mtu mzima aliruhusiwa.

Wamisionari Wakatoliki na Waprotestanti, waliofika Arua, katika eneo hilohilo, mwishoni mwa miaka ya 1910, walileta majibu ya kukariri kabla ya kubatizwa. Baadaye uamsho wa Kikristo wa Balokole, yaani “waliookoka”, ulioanzia Rwanda miaka ya 1930, uliwasimamisha watu wazima hadharani kuungama. Huo ulikuwa ujasiri mkubwa, lakini jibu la mwisho lilikuwa limekwisha kuwekwa.

Wayunitariani, wafuasi wa dini huria, hawaweki jibu kama hilo. Chimbuko lao ni Ulaya ya karne ya 16, na mwaka 1961 wenzao wa Marekani waliungana na dhehebu la Wayunivasali. Nchini Uganda, Mark Kiyimba alianzisha kanisa lao Kampala mwaka 2004. Njia yao moja mashuhuri ya kuwafunza watu wazima iliandaliwa na mchungaji Richard Gilbert miaka ya 1970. Kikundi kidogo hukutana kwa wiki kadhaa. Kila mmoja husimulia maisha yake, husikiliza bila kukatiza, kisha huandika ungamo lake mwenyewe la imani na kuwasomea wenzake. Kusoma mbele ya wenzake ndiko kwenye uzito. Wazo lililostarehe kichwani kwa miaka mingi hulazimika kujieleza mbele ya mjane, ya mwenye shaka, ya aliyelelewa katika Uislamu.

Maadili yaliyopatikana hivyo huwa na gharama. Tarehe 14 Februari 2010, muswada wa kuadhibu mashoga ukiwa mbele ya Bunge la Uganda, kanisa la Kiyimba liliandaa kongamano Kampala la kutetea utu wao. Huko Burundi, mchungaji Myunitariani Fulgence Ndagijimana alikamatwa mwaka 2015, kisha akahamia Kanada.

Uganda yenyewe imeonja marufuku ya dini na pia ulinzi wa uhuru wa imani. Mwaka 1977 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku madhehebu 27. Katiba ya 1995, katika ibara ya 29, inalinda uhuru wa dhamiri na wa kuabudu. Ulinzi huo humfaa pia anayebaki katika kanisa la wazazi wake baada ya kulikagua, na wengi hubaki. Ungamo lililoandikwa halifungwi. Baada ya msiba, ndoa au miaka mingi, mwenyewe hulirudia, akafuta na kuandika upya.