Deni ya masomo isile mbolea

Kila mwezi wa 10 mambo mawili yanabisha hodi pamoja: mbolea ya mahindi na makuta ya shule. Sisi maagronome tumepita humo. Tulimaliza gradua ya miaka 3, tukafanya kazi mashambani, kisha tukataka lisansi, miaka 2 tena, kwenye Université ya Lubumbashi.

Kenya iko na HELB tangu 1995, Tanzania ikaunda HESLB kwa sheria ya 2004: mwanafunzi anakopa, anarudisha kisha kupata kazi. Huku kwetu wengi tunakopa kwa jamaa, kwa likelemba, ao kwa koperative.

Na ni kwa koperative hatari inalala. Mkopo wa msimu unarudishwa kisha mavuno, mwezi wa 4 ao wa 5. Lisansi haivunwe mwezi wa 5. Mwenzetu mmoja alilipa minervali na makuta ya urea ya baba yake. Mahindi yakageuka manjano, kuanzia majani ya chini. Mifuko ikapunguka, deni ikabaki nzima. Aliyeitwa kwenye mkutano ni mzee, si mtoto.

Tunapendelea sanduku ya masomo, pembeni ya ile ya mbolea. Kila nyumba iweke mifuko michache, iliyokauka vizuri, iuzwe mwezi wa 1 wakati bei imepanda. Mkopo utoke kidogo-kidogo, na mwanafunzi asaini mwenyewe. Aulizwe pia lisansi ile italeta nini shambani. (Sisi tulipoulizwa, tulikasirika kwanza.) Muongee hayo kwenye mkutano mbele ya kuagiza mbolea.