Kuhamisha muziki kutoka CD

Kuhamisha muziki kutoka CD ni kunakili nyimbo zilizomo kwenye CD na kuzihifadhi kama faili katika kompyuta, flashi au diski ya nje. Kazi hii hufanywa nyumbani au hulipiwa dukani. Jijini Dar es Salaam maduka na vibanda vya kuingiza nyimbo hupatikana Kariakoo na katika maeneo ya jirani kama Magomeni.

Ukubwa wa faili

CD za muziki zilianza kuuzwa mwaka 1982. Sauti yake hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, hivyo saa moja ya muziki huchukua takriban megabaiti 635. Faili ya FLAC hupunguza ukubwa huo hadi karibu nusu bila kupoteza chochote. MP3 ya kilobiti 128 huchukua megabaiti 58 hivi, lakini sehemu ya sauti hutupwa na hairudi tena.

Nyumbani

Huhitajika kompyuta yenye kifaa cha kusomea CD. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina, hivyo hununuliwa cha kuchomekwa kwa USB. Programu ya bure kama Exact Audio Copy husoma CD, hurudia sehemu zenye mikwaruzo na kuonyesha makosa yaliyobaki. CD moja ikichukua dakika 10, CD 100 huhitaji karibu saa 17.

Dukani

Duka huokoa muda, na humfaa mwenye CD nyingi asiye na kompyuta. Hata hivyo, mhudumu anaweza kutoa MP3, au kuweka wimbo wa jina lilelile aliokuwa nao tayari badala ya kunakili CD ya mteja. Kwa hiyo mteja hutaja aina ya faili mapema, na husikiliza nakala kabla ya kuondoka.

Umuhimu

Baadhi ya albamu za taarabu na dansi hazipatikani kwenye intaneti. CD za kuchoma huharibika haraka zaidi kwa joto na mwanga, kwa hiyo nakala mbaya inaweza kuwa ndiyo pekee itakayobaki. CD yenyewe hutunzwa hata baada ya kunakiliwa, na faili huwekwa mahali pawili tofauti.

Hakimiliki

Nchini Tanzania muziki hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kuuza nakala huhitaji idhini ya mwenye haki.