Winchi Iliyofichwa Nyuma ya Bampa

Winchi ya umeme, yaani mtambo wenye ngoma inayozungushwa na mota ili kuvuta kamba na kulinasua gari lililokwama topeni au mchangani, mara nyingi hubebwa na bampa nzito ya chuma. Lakini baadhi ya wamiliki wa magari kama Toyota 4Runner nchini Marekani huchagua kuificha nyuma ya bampa ya kiwandani, ili gari lisiongezewe uzito mwingi mbele na sura yake isibadilike. Msingi wa kazi hii ni bamba nene la chuma linalofungwa kwa bolti kwenye chesisi, yaani fremu inayolibeba gari zima, kwa kuwa ganda la plastiki linaloonekana kwa nje haliwezi kuhimili mvuto wowote.

Kanuni ya mafundi ni kwamba nguvu ya winchi isipungue mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa, nayo hupatikana kikamilifu kwenye tabaka la kwanza la kamba tu, maana kila tabaka linaloongezeka juu ya ngoma huipunguza. Mota ikielemewa huweza kufyonza zaidi ya ampea 400, hivyo nyaya nene kutoka kwenye betri ni za lazima. Jambo linalostahili kufikiriwa kuliko yote, hata kuliko upitishaji wa hewa kwenye rejeta, ambao winchi huweza kuuzuia, ni wenzo wa klachi, unaoiachia ngoma izunguke huru: ukizibwa na bampa, winchi hupoteza sehemu ya faida yake. Kabla ya kukata plastiki yoyote, mmiliki ahakikishe kwamba mkono wake utaufikia wenzo huo.