Mkia Uotao na Mkia Usioota

Kila nyumba ya pwani yamjua mjusi kafiri, yule atambaaye ukutani usiku akiwinda wadudu karibu na taa. Akishikwa mkia, huuacha ukigaagaa sakafuni, naye akatoweka huku adui akiutazama. Baada ya majuma kadhaa mkia mwingine huota. Watoto waonapo hivyo hudhani kwamba kila kiumbe anayefanana naye amejaaliwa uwezo huo. Sivyo.

Wenye jamaa Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, wakienda kuwazuru huenda wakamwona kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu, ametulia kwenye ua wa miti au juu ya mbuni. Kwake mkia ni kama mkono wa tano: huuzungusha kwenye kijiti asianguke. Mkia huo ukikatika hauoti tena. Mtoto amvutaye kwa kudhani utarudi humwachia kilema cha daima.

Tofauti hiyo yatoka wapi? Katika pingili za mkia wa mjusi mna nyufa za asili, mahali palipoandaliwa kukatikia. Ukikatika, misuli hujibana na damu haimwagiki sana. Kisha chembe hai hukusanyika penye jeraha zikafanya kinundu, nacho hukua kikawa mkia. Hata hivyo mkia mpya hauna pingili za mifupa. Ndani yake mna gegedu tu. Tena mjusi amepoteza mafuta aliyoyaweka akiba mkiani, na mguu wake ukikatika haurudi. Kinyonga hana nyufa hizo kabisa.

Magharibi ya Meru, katika majabali ya Laikipia, yuko mnyama wa ajabu zaidi, kwa kuwa hunyonyesha kama sisi: panya miba, mwenye manyoya magumu mfano wa miiba. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake, waliofanya kazi katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, walieleza kwamba ngozi yake huchanika upesi akamatwapo, hata aweza kupoteza asilimia 60 ya ngozi ya mgongo akaokoka. Jeraha hufunga upesi, na ngozi mpya huota pamoja na manyoya yake. Tundu la milimita 4 walilomtoboa sikioni lilizibika, na gegedu likarejea. Lakini mkia wake ukikatika, hauoti.

Nasi je? Ini la binadamu likikatwa sehemu hukua tena. Ncha ya kidole cha mtoto iliyokatika mlangoni yaweza kuota, endapo shina la ukucha limesalimika. Kidole kizima hakirudi, na ngozi iliyoungua sana hupona kwa kovu. Ndiyo maana panya miba achunguzwa: siri ya ngozi yake ikifahamika, huenda walioungua wakapata faraja.

Mtoto akikatika kidole, funga jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali bila kukawia, na kipande kilichokatika ukichukue. Birika la moto liwekwe mbali na ukingo wa meza. Na kinyonga wa Meru aachwe mtini pake, kwani alichonacho hakina badala.