Saratani Yenye Subira

Wengi wetu huyapima maradhi kwa maumivu, kisichouma hupuuzwa. Kipimo hicho huhadaa, hasa kwa saratani za tishu laini, yaani misuli, mafuta na mishipa.

Miongoni mwazo imo moja adimu mno, iliyoelezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1952, nayo hujulikana kwa kifupi kama ASPS. Huwapata zaidi vijana wa kati ya miaka 15 na 35. Aghalabu huanza pajani, uvimbe ukikua polepole bila maumivu. Ajabu yake ni subira. Mgonjwa hupasuliwa, jeraha likapona, akaoa na kulea. Kisha baada ya miaka 10 au zaidi, chembe zilizosafiri kwa damu hudhihirika mapafuni, mifupani au ubongoni.

Kwa hiyo kupona kidonda si mwisho wa safari. Aliyetibiwa na ahifadhi karatasi zake za hospitali, aendelee kupimwa kifua hata akijiona mzima. Kikohozi kisichokoma, au kichwa kinachouma mfululizo, kisifichwe.

Wala haifai kukata tamaa. Dawa za kawaida za saratani huisaidia kidogo, lakini Desemba 2022 Marekani iliidhinisha atezolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili, kwa wagonjwa kuanzia miaka 2 ambao maradhi yao yamekwisha kuenea au hayapasuliki.

Mwili ni amana. Uvimbe mpya, hata usipouma, uonyeshwe tabibu mapema.